Sinema Iliyochoka

Mdudu alicheka kama ng'ombe anayezaa. Sauti ile nzito ilitoka kwenye spika, ikajaza ghala la kahawa la chama cha msingi pale Nyaishozi, na watu zaidi ya mia waliokuwa wamekaa juu ya magunia nao wakaangua kicheko. Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mkulima wa kuchorwa mwenye kofia na panga aliinua mguu, akauacha hewani kama mtu anayefikiria deni, kisha akaushusha polepole. Alikuwa akielekea kwenye mgomba kumtoa shinani mdudu yule, fukusi. Kwa mwendo ule, fukusi angekula shamba zima na kuzeeka kabla hajafikiwa.

Celestin Twagirayezu, mwonyesha sinema wa chama, alisimama nyuma ya projekta akitokwa jasho. Alizungusha kitufe cha kasi hadi mwisho wake, ingawa tangu mwanzo wa onyesho kilikuwa kimefika mwisho. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili mchana uwe giza, na katika giza lile alimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyemwona uso. Filamu ya dakika kumi na mbili ilichukua karibu ishirini.

Mtu mmoja tu hakucheka. Bibi Kemilembe, mjane wa upande wa Rugu, alikaa mstari wa mbele kabisa akiwa amekunja mikono juu ya fimbo yake, macho kwenye shuka. Filamu ilipokwisha na watu wakaanza kutoka, alimwendea Celestin.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Irudie."

"Bibi, mashine haijisikii vizuri."

"Ndiyo. Irudie hivyohivyo."

Celestin alidhani naye anamkejeli, tena kizee wa watu, na moyo ukamuuma. Akasingizia petroli imekwisha.

Katibu wa chama, Gosbert Rwezaura, alisubiri hadi ghala likawa tupu. Alikuwa mtu wa Muleba, mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi la Juni, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana.

"Celestin, hii ni mara ya tatu. Kwanza ilikuwa inachelewa kidogo, tukanyamaza. Wiki iliyopita ikazidi. Leo umetuchekesha."

"Nitaitengeneza, Bwana Katibu."

"Jumatano ijayo Bi Eugenia anakuja kutoka mkoani. Ndiye aliyetuletea mashine hii. Anataka kuona wakulima wamejifunza nini. Ukimwonyesha ng'ombe anayezaa, Alhamisi nitatafuta mtu mwingine." Akatazama nje, kwenye nyumba ndogo ya matofali iliyokuwa nyuma ya ghala. "Na nyumba unajua ni ya mwonyesha sinema. Si ya Celestin."

"Najua."

"Ninyi watu wa kuja mna mikono mizuri, sikatai. Lakini kitu cha watu kinahitaji uangalifu."

Celestin alikuwa ameingia Karagwe mgongoni mwa mama yake miaka ishirini na saba nyuma. Uraia anao, kitambulisho cha chama anacho, wanawe wote wamezaliwa hapa. Lakini neno wa kuja halina uzee. Gosbert alipokwisha kuondoka, alifunika projekta, akaibeba, akainama kupita mlangoni kama kawaida yake.

Alhamisi alianza na jenereta, kwa sababu jenereta ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele, na mwenye kelele hushukiwa kwanza. Alichuja petroli kwa kitambaa cha kanga ya mkewe. Alitoa plagi, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Akawasha, akaunganisha projekta, akatia filamu. Mkulima wa kuchorwa aliinua mguu, akauacha hewani.

Alipokwenda senta kununua oili, vijana wa baiskeli waliokaa mbele ya duka walimwona.

"Mkuuu-liii-maaa," mmoja alisema kwa sauti nzito ya kukokota, akiinua mguu. Wenzake wakajibu kwa kicheko cha fukusi. Celestin akawasalimia kama vile hakusikia, akanunua kikopo chake, akarudi. Oili nayo haikusaidia. Ilionekana hata kuingia inaona uvivu.

Ijumaa alimwita Anatory, fundi wa redio, ambaye alikuja na bisibisi tatu na heshima nyingi. Alitembea kuizunguka projekta kama mnunuzi wa ng'ombe. Akawasha, akatazama taa, akazima. Akawasha tena.

"Umeme wako hauna neno," alisema. "Tazama taa, inawaka kweli. Kama umeme ungekuwa haba, taa ndiyo ingelegea kwanza. Hapa taa ina nguvu ila mwendo hauna. Ugonjwa uko ndani."

"Basi ifungue."

Anatory akarudi nyuma hatua moja. "Redio nafungua. Hii imeandikwa maneno ya wafadhili ubavuni. Nikipoteza skrubu moja nitaulizwa na mkoa. Fungua wewe, ndugu yangu, wewe ndiye uliyesaini."

Ni kweli alisaini. Karatasi yenyewe ilikuwa kwenye faili la Gosbert, na ilikuwa na mistari michache tu, mmoja ukisema kwamba mashine haitatoka ghalani. Celestin alikuwa ameitoa. Masika yalipoanza, bati la ghala lilivuja juu ya kabati la kutunzia mashine, na kwenye lenzi kukaota ukungu. Alimwomba katibu bati moja, akaambiwa asubiri kikao. Kikao kilisubiri mvua iishe. Naye kwa kuogopa mashine isiharibike akaihamishia nyumbani, chini ya kitanda, bila kumwambia mtu isipokuwa mkewe.

Jumapili, baada ya misa, walikula ndizi na maharage. Kisha Celestin akatandika mkeka mbele ya mlango, akaweka projekta juu yake na sahani ya kutunzia skrubu. Mkewe Speciose alikaa karibu akichambua mbegu za maharage. Binti yao Anonciata walimtuma kisimani, na kwa kweli hakuna aliyehitaji maji.

Aliondoa kifuniko cha ubavuni, akachungulia. Ndani palikuwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu la kusukuma filamu. Alikumbuka alivyofundishwa Bukoba: mkanda huo ndio miguu ya mashine. Sasa ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mota ilizunguka, mkanda ukateleza, na gurudumu likajivuta. Alipotia kidole kwenye vyuma, kilitoka na kitu cheusi kinachonata. Akakinusa.

"Mama Anonciata, njoo unuse."

Speciose alisogea, akainama. Hakuhitaji kunusa mara mbili. Harufu ile aliijua tangu utoto wake, iko kwenye nguo zake, kwenye nywele zake, kwenye chumvi anayopikia. Akakaa chini palepale.

"Ni moshi," alisema.

"Moshi umefikaje ndani ya mashine?"

"Mimi ndiye niliyeipandisha."

"Ukaipandisha wapi?"

"Kwenye uchaga. Juu ya moto."

Katika nyumba zetu, kitu kinachoogopewa kuoza hupandishwa kwenye uchaga juu ya mafiga. Huko hukaa chumvi, mbegu za mahindi, ndizi zinazoivishwa kwa pombe ya rubisi, na nyumba nyingine hata vyeti vya ubatizo. Moshi hukausha, panya huogopa, mwizi hapafikirii. Hakuna mahali pa heshima kuliko pale. Speciose alieleza polepole, akitazama maharage. Mwezi wa nne, Celestin alipokwenda Ihanda kumzika mjomba wake na kushikwa na homa hukohuko, alikaa wiki tatu. Mvua ikafika hadi chini ya kitanda. Akaifunga mashine kwa blanketi la mtoto, akaipandisha. Siku aliposikia mumewe anarudi, aliishusha, akaifuta, akairudisha mahali pake. Hakusema, kwa sababu hakuona kama kuna la kusema.

"Wiki tatu," alisema Celestin. "Wiki tatu unaipika mashine ya serikali."

"Uliniambia isipate unyevu."

"Mashine si chumvi, Speciose."

Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina lake. Alilisema mara moja, na wote wawili walilisikia. Speciose hakulia. Alikusanya maharage kwenye kanga, akasema, "Uliniachia kitu nisichokijua, nikakitunza kama ninavyotunza vitu. Ningefanya nini kingine?" Kisha akaingia ndani.

Celestin alibaki na projekta yake iliyo wazi. Alikuwa na hasira, lakini hasira haikuwa na pa kukaa, maana kila alipoipeleka kwa mkewe ilirudi kwake mwenyewe. Alichoka. Alichoka tangu kwenye mifupa, uchovu wa mtu anayeombwa uangalifu na watu waliomnyima bati.

Mkanda mwingine ungepatikana Dar es Salaam, labda Nairobi, kwa barua na miezi. Jumatano ilikuwa siku tatu mbele. Jioni hiyo kabla jua halijazama, alitoka nje akaitazama baiskeli yake iliyoegemea ukuta. Ndiyo iliyokuwa ikibeba ndizi za watu kutoka Ihanda hadi senta, siku ambazo hakuna sinema, na chumvi na sabuni ya nyumba vilitoka humo. Speciose alitoka akasimama naye.

"Tyubu?" aliuliza.

"Tyubu ya nyuma. Ya mbele imejaa viraka."

"Basi leta. Nitakata mimi."

Alikata kwa kisu anachochania magamba ya migomba kusukia mikeka, akatoa utepe mmoja mwembamba uliolingana mwanzo hadi mwisho. Waliunganisha ncha kwa gundi ya viraka, kisha Speciose akazishona kwa uzi wa gunia, mishono midogo ambayo hata mtu wa cherehani asingeidharau. Wakaosha vyuma kwa petroli hadi utando mweusi ukatoka. Walifanya kazi hiyo siku mbili, wakizungumza tu yale ya lazima: shika hapa, vuta kidogo, acha. Jumanne mchana Celestin aliwasha jenereta ndani ya ghala. Mkulima wa kuchorwa alikwenda hadi mgombani kwa hatua za mtu mwenye afya, na fukusi alicheka kwa sauti nyembamba ya fukusi. Speciose alisimama mlangoni, akashika mdomo. Hapo ndipo alipolia.

Jumatano ghala lilijaa hadi mlangoni. Bi Eugenia alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshapita vijiji vinne wiki hiyo na alionekana angependa kukaa kuliko kusalimiwa. Gosbert alimpa kiti chenye mto, akamtolea soda, akahutubia kwa dakika nyingi kuliko filamu yenyewe.

Sinema ilikwenda vizuri. Ilianza, ikakimbia, ikaisha. Mkulima alichimbua chipukizi, akalimenya hadi likawa jeupe, akalitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, akapanda, akavuna mkungu mkubwa kuliko yeye. Hakuna aliyecheka. Celestin alikuwa ameshika kitufe cha kuzima mashine muda wote, na aliposhusha mkono aliona vidole vimekufa ganzi.

Bi Eugenia akasimama. "Nani atatuambia amejifunza nini?"

Mwanamume mmoja akasema, "Tumejifunza kilimo bora," akakaa. Mwingine akashukuru serikali. Gosbert alianza kutabasamu kwa niaba ya wote. Ndipo fimbo ikagonga sakafu, na Bibi Kemilembe akasimama.

"Mimi nitasema. Chipukizi usilipande na udongo wake. Limenye hivi, kisu kikienda kutoka chini, uondoe ngozi yote nyeusi. Ukiona tundu, endelea kumenya hadi tundu liishe. Lisipoisha, litupe, na usilitupe shambani. Maji yawe ya moto, yasichemke. Nilifanya mashina tisa. Yote yameshika."

Bi Eugenia alivua miwani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana hajachoka. "Bibi, umeyaona yote hayo leo?"

"Leo? Leo sikuona kitu, waitu, ndugu yangu. Leo imekimbia kama mtu anayefukuzwa. Kiswahili chenyewe mimi nakijua cha sokoni, akiongea haraka ananipita. Mimi niliona mashine ilipokuwa mgonjwa. Ilikuwa inakwenda taratibu, mkono unauona, kisu unakiona kinapoanzia. Nilimwomba huyu kijana airudie hivyohivyo, akakataa. Mngeiacha na ugonjwa wake."

Watu walicheka, na wanawake kadhaa wakaitikia kwamba ni kweli. Bibi Kemilembe akakaa ameridhika. Alikuwa amesema jema kwa nia njema, na kwa kinywa hichohicho alikuwa amemmaliza Celestin.

"Ilikuwa mgonjwa namna gani?" Bi Eugenia aliuliza.

"Hitilafu ndogo tu, ilisharekebishwa," alisema Gosbert.

Lakini Bi Eugenia alikwenda mwenyewe hadi kwenye projekta, akafungua kifuniko, akauona mkanda wa tyubu na mishono yake ya uzi wa gunia. Aliugusa kwa kidole. "Kazi nzuri. Ule wa kiwandani ulipatwa na nini?"

"Ulilegea, mama," alisema Celestin.

"Mpya huo, mwaka mmoja. Ulilegezwa na nini? Mashine ilikuwa inakaa wapi?"

Angeweza kusema ghalani. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na Gosbert mwenyewe, kwa kuogopa aibu ya chama, angelipokea. Lakini alitazama mlangoni, akamwona Speciose amesimama, na akajua kwamba uongo ule ungemwacha mkewe peke yake na kosa.

"Nyumbani kwangu," alisema. "Ghala linavuja. Na nyumbani nako maji yalipoingia tuliiweka juu ya uchaga wa jikoni isilowe. Tulikosea."

"Tulikosea," Speciose alirudia kutoka mlangoni, ili neno lile liwe la wawili kweli.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha fukusi. Mtu alisema, "Wameivisha sinema kama ndizi za rubisi." Gosbert hakucheka. Alikwisha kwenda kuleta faili. Karatasi ikasomwa mbele ya watu, mstari wa kutotoka ghalani ukasomwa mara mbili, na hakuna aliyesoma habari za bati, maana hazikuandikwa popote.

Bi Eugenia alimwita Celestin pembeni. "Ningekuwa na uwezo ningekuachia mashine," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nikirudi na hadithi hii wataniuliza kwa nini niliiacha mashine hapa. Nitaondoka nayo. Pole sana." Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake haukusaidia kitu. Mashine ikapakiwa kwenye gari, na tyubu ya baiskeli ikiwa ndani yake. Celestin aliikumbuka gari lilipokwisha kata kona.

"Jumamosi saa nne asubuhi nitakuja kuchukua ufunguo," alisema Gosbert. "Sasa hakuna sinema, na mtunza ghala mpya anahitaji nyumba."

Jumamosi walifungasha mapema. Hawakuwa na vingi: magodoro mawili, sufuria, mikeka, picha ya Bikira Maria. Ndugu mmoja huko Ihanda alikuwa amekubali kuwapa chumba kimoja hadi watakapojua la kufanya. Speciose alishusha vitu vya uchagani mwishoni kabisa, chumvi na mbegu, akavifunga kwenye blanketi lilelile. Baiskeli ilikuwa imepakiwa magunia mawili, na gurudumu la nyuma lilikuwa limekaa juu ya ringi. Wangeisukuma wakitembea hadi Ihanda, ikigonga kila jiwe.

Bibi Kemilembe akatokea kwenye njia ya migombani na ungo kichwani. Alitua. Ndani mlikuwa na machipukizi saba, bado na udongo wake.

"Shikamoo, Bibi," alisema Speciose. Celestin akakaza kamba ya mzigo.

"Marahaba. Nimesikia niliwaponza."

"Hukukusudia, Bibi," alisema Celestin.

"Sikukusudia. Ila nimewaponza." Akakaa juu ya jiwe. "Majirani zangu wanataka kuona mikono. Mashine imekwenda. Nikawaambia yule aliyekuwa anaiendesha ameiona mara nyingi kuliko sisi wote, mikono anayo."

Nyuma yake walikuwa wanakuja wanawake wengine, wawili, kisha watano, kila mmoja na ungo au kikapu. Hawakuwa wamemletea zawadi wala maneno ya kufariji. Waliweka machipukizi chini na kukaa kwenye majani, wakisubiri, kama walivyokuwa wakisubiri ghalani taa iwashwe.

"Mimi si mwonyesha sinema tena," alisema Celestin.

"Sikuuliza sinema."

Alitazama mzigo kwenye baiskeli, akatazama jua. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa kimefungwa juu ya gunia, akaketi. Speciose alikuwa amekwisha ingia jikoni. Alifungua sufuria kubwa iliyokuwa imefungashwa, akaitia maji, akachochea moto kwenye mafiga yaleyale, akamletea kile kisu chake.

Celestin alianza kumenya. Alikwenda polepole, zaidi ya mashine ilivyokwenda siku ya kuugua kwake, akisimamisha kisu hewani kila kinapoanzia, hadi yule wa nyuma kabisa aitikie kwa kichwa kwamba ameona. Alieleza kwa Kiswahili, na Bibi Kemilembe akarudia kila neno kwa Kinyambo. Walipofika chipukizi la tatu viatu vinavyong'aa vikasimama mbele yao.

"Saa nne imepita, Celestin," alisema Gosbert. "Nimekuja kuchukua ufunguo."

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Mikono yake ilikuwa na udongo na utomvu, na chipukizi lilikuwa nusu jeupe, nusu jeusi.

"Nitakupa, Bwana Katibu," alisema bila kuinua uso. "Kaa kidogo. Hii haitaki haraka."

Mwanamke mmoja akasogea, akampisha nafasi kwenye majani. Gosbert alitazama suruali yake, akatazama jua, akabaki amesimama. Celestin aligeuza chipukizi upande wa pili, akaanza tena kutoka chini.